Mkanda Uliompasua Rubani

Mwaka 1917, kijana wa Kimarekani aitwaye Hugh DeHaven alikuwa Texas akijifunza urubani chini ya jeshi la anga la Uingereza. Ndege yake ikagongana angani na nyingine. Alitoka hai, lakini ini na kongosho vilikuwa vimepasuka. Alipotafakari majeraha yake, alimshuku aliyepaswa kuwa mlinzi wake: kifungo cha mkanda, kilichokuwa na ncha, kikamdidimia tumboni.

Enzi hizo ndege ikianguka, wachunguzi waliuliza habari za injini, mabawa na makosa ya rubani. Nani alijeruhiwa na kitu gani, hakuna aliyejali. Aliyepona alihesabiwa kuwa na bahati tu. DeHaven hakuridhika. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi kuhusu watu walioanguka kutoka urefu wa futi 50 hadi 150 wakapona, kisha katika Chuo Kikuu cha Cornell akaongoza utafiti wa majeraha ya ajali. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili unastahimili kishindo kikubwa ajabu, mradi kisambae na usikutane na kitu kigumu au chenye ncha.

Aliyeithibitisha hoja hiyo kwa mwili wake mwenyewe ni John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Wataalamu wengi waliamini kuwa nguvu ya mara 18 ya uzito wa mtu inatosha kumuua. Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman, New Mexico, Stapp alifungwa mikanda ya mabegani, kifuani na mapajani kwenye kigari cha roketi kilichopita juu ya reli. Kilizidi kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimama ndani ya sekunde 1.4. Alibeba zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Mishipa ya macho ilipasuka, akawa haoni kwa muda, lakini hakufa.

Ndege za abiria zilijikokota nyuma, na hapo sioni udhuru. Tangu miaka ya 1950 kiti kilitakiwa kuhimili nguvu ya mara 9 tu ya uzito. Sharti la mara 16, pamoja na majaribio ya kugongesha kiti chenye sanamu la mtu, lilitolewa Marekani mwaka 1988, tena kwa aina mpya za ndege pekee. Ndege zilizoendelea kutengenezwa kwa miundo ya zamani zilibanwa na sharti hilo mwishoni mwa 2009.

Januari 1989, Boeing 737 ilianguka Kegworth, Uingereza, ikiwa na watu 126, wakafa 47. Sakafu ilivunjika sehemu kadhaa, viti vikang'oka na kurundikana pamoja na watu waliokuwa bado wamefungwa mikanda. Walionusurika wengi walivunjika miguu na nyonga. Utafiti uliofuata ulirekebisha namna abiria wanavyofundishwa kujikunja kabla ya ndege kugonga.

Mhudumu wa ndege anafungwa hadi mabegani. Abiria wa kawaida amebaki na mkanda wa mapajani, maana wa begani unahitaji kiti na sakafu imara zaidi, na uzito huo ni gharama. Basi ukipanda, ushushe mkanda ukae kwenye mifupa ya nyonga, usiuache tumboni, na uukaze. Ukiamriwa kujikunja, inama mbele, nyayo zikanyage sakafu, zikiwa nyuma kidogo ya magoti.