Utengenezaji na Mapokezi ya Albamu ya Human ya Kundi la Death, 1991

Albamu ya Human ilizaliwa katika mgogoro. Mwaka 1990, Chuck Schuldiner, mwanzilishi wa kundi la Death la Florida, Marekani, alikataa kushiriki ziara ya Ulaya. Wenzake, Terry Butler na Bill Andrews, walikwenda bila yeye na kutumbuiza kwa jina la kundi. Suala lililoibuka lilikuwa la msingi: je, kundi ni jina lake, au ni mtu anayezitunga nyimbo zake?

Jibu la Schuldiner lilikuwa albamu yenyewe. Aliachana na wawili hao, akawaalika Paul Masvidal (gitaa) na Sean Reinert (ngoma) kutoka kundi la Cynic, pamoja na Steve Di Giorgio (gitaa la besi). Albamu ilirekodiwa katika studio ya Morrisound, Tampa, Scott Burns akiwa mtayarishaji. Upigaji ngoma wa Reinert ulibeba athari za jazi. Mashairi nayo, yaliyokuwa yamekwisha kuanza kuacha habari za maiti na damu, yaligusia usaliti na unafiki.

Kuhusu mapokezi, video ya wimbo mmojawapo ilioneshwa na kituo cha MTV, na leo albamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya dethi metali ya kiufundi. Hata hivyo, sifa hiyo inatia dosari hoja ya Schuldiner. Kundi lilibaki mikononi mwake, lakini sauti iliyolipatia heshima haikuwa yake peke yake: ilitegemea wageni aliowaalika.