Walilipwa Ndoto: Stori ya Ligi Ndogo za Besiboli

Kama uliona ile dokumentari ya Michael Jordan iliyotoka 2020, unakumbuka ile sehemu anaacha kikapu anaenda kucheza besiboli. Wasee wengi huicheka. Mimi ndiyo iliyonishika kuliko zote, kwa sababu ya swali moja tu: huko alikuwa analipwa ngapi?

Karibu dola 850 kwa mwezi. Ni 1994, jamaa anajulikana dunia nzima, na yuko na Birmingham Barons kule Alabama kwa mshahara wa kijana aliyetoka shule juzi. Yeye haikumuuma. Jerry Reinsdorf, tajiri wa Chicago White Sox waliomsaini, ndiye pia alikuwa mwenye Bulls, na aliendelea kumlipa doo yake ya kikapu. Lakini wale vijana aliokuwa anasafiri nao kwa basi hawakuwa na Bulls ya kuwatumia kitu. Hao ndio nataka tuongee juu yao.

Kwanza tuelewane vile mambo hupangwa. Kule Marekani, hata ukiwa moto aje, ni nadra sana utoke shule uingie ligi kuu ya besiboli moja kwa moja. Klabu ya ligi kuu, yaani MLB, inakusaini halafu inakushusha chini uanze kupanda. Kuna timu za wanaoanza kabisa, kisha daraja la A ya chini, A ya juu, AA, halafu AAA, na hapo juu ndiyo mlango. Timu hizi ziko kwenye miji midogo, zina majina yao, jezi zao na mashabiki wao wa damu, ila mchezaji si wao. Ni wa klabu ya juu. Wengi wanaoanza kupanda hizo ngazi hawafiki. Jordan mwenyewe alikwama AA: kwa kila mara kumi alizosimama kupiga, alifaulu karibu mbili tu. Halafu akarudi kikapu.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka wa 1901 viongozi wa ligi ndogo walikutana Chicago wakaunda chama chao, kwa sababu ligi kuu mbili zilikuwa zinapigania wachezaji na kuwachota kutoka kwao bila heshima. Timu ya mji mdogo wakati huo ilikuwa biashara inayojitegemea. Ilitafuta kijana, ikamfunza, ikamuuza juu kwa bei yake, na pesa ikabaki mtaani.

Aliyepindua hiyo meza anaitwa Branch Rickey, bosi wa St. Louis Cardinals. Karibu 1920 Cardinals walikuwa wamesota. Rickey alikuwa na jicho la kuona kipaji, lakini kila akimwona kijana, klabu tajiri kama New York Giants zinakuja na mfuko mzito zinamnyakua. Kwa hivyo akafikiria vile mkulima angefikiria: badala ya kung'ang'ana bei sokoni, si upande zako? Akaanza kununua hisa kwenye timu za chini, Fort Smith kule Arkansas, Houston kule Texas, moja baada ya nyingine. Wamarekani wakaziita mashamba, na jina likakwama mpaka leo.

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na ukiniuliza, ya baridi sana. Saini vijana mamia kwa bei ya chini. Wapange kwa ngazi. Ngoja. Wachache watageuka kuwa dhahabu, na hao wengine watakufanyia kazi ya kujaza timu ili hao wachache wapate watu wa kucheza nao. Kufika mwisho wa miaka ya 1930 Cardinals walikuwa wanadhibiti zaidi ya timu 30. Na ilifanya kazi: walibeba World Series 1926, 1931 na 1934. Stan Musial, mmoja wa wapigaji wakali zaidi kuwahi kutokea, alisainiwa na wao akiwa kijana kwa dola 65 kwa mwezi. Alianza kama mrushaji wa mpira, 1940 akaanguka vibaya akiumiza bega, wakamgeuza kuwa mpigaji, na Septemba 1941 alikuwa ligi kuu. Stori kama ya Musial ndiyo ilikuwa tangazo la biashara nzima. Kila kijana aliona Musial. Hakuna aliyeonyeshwa wale mamia waliorudi nyumbani.

Kamishna wa besiboli, jaji wa zamani Kenesaw Mountain Landis, hakupenda hii mambo ya mashamba. 1938 aligundua Cardinals walikuwa wanadhibiti kisirisiri zaidi ya timu moja kwenye ligi ile ile, na akawaachilia huru wachezaji wao zaidi ya 70. Kuwaachilia huru! Sikia hilo neno. Mtu anayeachiliwa alikuwa ameshikwa.

Na kweli walikuwa wameshikwa. Mkataba wa besiboli ulikuwa na kipengele kilichosema msimu ukiisha, klabu ina haki ya kukubakisha mwaka unaofuata, na unaofuata, na unaofuata. Haukuweza kuhama. Klabu ndiyo ingekuuza, ikubadilishe na mwingine au ikufukuze. Mtu akiuliza kama hiyo ni halali, jibu lilitoka Mahakama ya Juu ya Marekani 1922: sheria za kuzuia biashara kuhodhi soko hazigusi besiboli, kwa sababu eti maonyesho ya besiboli si biashara kati ya majimbo. Timu zinapanda treni kutoka jimbo hadi jimbo kuuza tiketi, na majaji wote wakakubaliana hiyo si biashara kati ya majimbo. Nimeacha chuo mwaka wa pili na bado naona hiyo shimo.

Rickey huyo huyo, sasa akiwa Brooklyn Dodgers, ndiye aliyemsaini Jackie Robinson. Hapo ndipo ligi ndogo zilifanya jambo lao kubwa zaidi. Tunapenda kusema Robinson alivunja ukuta wa rangi 1947. Ukweli ni kwamba ukuta ulipigwa nyundo ya kwanza mwaka mmoja mapema, chini huko, tarehe 18 Aprili 1946, Jersey City, akiwa na jezi ya Montreal Royals. Mtu mweusi wa kwanza kwenye hizo ligi kwa zaidi ya nusu karne. Mara tano alisimama kupiga, mara nne akafaulu, moja ukitoka nje ya uwanja kabisa. Montreal wakashinda 14 kwa 1. Rickey anastahili heshima kwa hilo, sibishi. Lakini ongeza hii kwenye picha: Robinson alitoka Kansas City Monarchs, timu ya ligi za watu weusi, na Rickey hakuwalipa Monarchs hata senti moja. Mkulima ni mkulima.

Mwaka wa 1949 ndio ulikuwa kilele. Ligi ndogo 59, watazamaji karibu milioni 40 kwa msimu mmoja. Halafu televisheni ikaingia sebuleni, watu wakaona ligi kuu bure wakiwa kwa kochi, na viwanja vya miji midogo vikaanza kukauka. Zilizobaki zilibaki kwa sababu klabu za juu zilizilisha. Hapo zile timu zilizokuwa zinajitegemea 1901 zikawa za kuomba.

Nikitaka mtu aelewe maisha ya huko chini, simpi takwimu. Nampa mechi moja. Ni 18 Aprili tena, lakini 1981, uwanja wa McCoy, Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Daraja la AAA, Pawtucket Red Sox na Rochester Red Wings. Besiboli haina sare. Mkitoshana mnaongeza awamu mpaka mmoja ashinde, na kawaida mechi ni awamu tisa. Hizi zikaenda tisa, kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Baridi ya kukata, upepo unarudisha mipira ndani, wachezaji wanachoma magongo yaliyovunjika wapate joto. Saa kumi na dakika saba alfajiri, mkesha wa Pasaka ushageuka kuwa Pasaka yenyewe, ndipo waliambiwa wasimame. Awamu 32, bado 2 kwa 2. Kwenye viti walikuwa wamebaki watu 19.

Walimalizia tarehe 23 Juni. Safari hii uwanja umejaa na waandishi wa habari wamekuja. Ilichukua dakika 18. Uwanjani walikuwepo Cal Ripken Jr. na Wade Boggs, wawili ambao baadaye waliingia kwenye jumba la magwiji. Lakini aliyepiga ule mpira wa ushindi anaitwa Dave Koza. Koza hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Wote watatu walisimama kwenye baridi ile ile hadi alfajiri. Ligi kuu ilifunguka kwa wawili.

Sasa turudi kwa doo, kwa sababu hapo ndipo roho yangu iko. Wachezaji wa ligi kuu walipata chama chenye meno 1966 chini ya Marvin Miller. Curt Flood akakataa kuuzwa 1969, akaenda hadi Mahakama ya Juu, akashindwa 1972, lakini kufika 1975 uamuzi wa msuluhishi ukavunja kile kipengele na mishahara ya juu ikapaa. Ya juu. Chama hakikuwachukua wale wa chini. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria kwa jina la Curt Flood 1998, liliandika wazi kwamba inahusu wachezaji wa ligi kuu na haigusi ligi ndogo. Kakubwa kameshiba, kadogo kaambiwe kangoje.

Kwa hivyo kufika 2020, kijana wa daraja la A alikuwa na kima cha dola 290 kwa wiki. Na hizo ni wiki za msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu, wiki nzima nzima za kutoka jasho asubuhi hadi jioni, hakuna malipo. Wasee walikuwa wanarundikana wengi kwa nyumba moja, wanalala kwa godoro za kujaza hewa, msimu ukiisha wanatafuta kibarua. Ukiuliza kwa nini, ulipewa jibu moja: lakini si unaishi ndoto yako?

Mimi hilo jibu nalijua. Kuna kampuni moja hapa Nairobi iliniomba video tatu, nikauliza bei, nikaambiwa nitapata jina. Jina halinunui unga. Ndiyo maana nilipokutana na stori ya Garrett Broshuis niliisoma mara mbili.

Broshuis alikuwa mrushaji. San Francisco Giants walimchukua 2004, akakaa ligi ndogo miaka sita, hakufika juu. Wengi hapo huenda nyumbani na masanduku ya kumbukumbu. Yeye akaenda kusomea sheria. Februari 2014 kesi ikawasilishwa, mlalamishi wa kwanza akiwa Aaron Senne, mchezaji mwenzao wa ligi ndogo, wakisema jambo rahisi sana: hii ni kazi, tulipwe angalau kima cha chini cha sheria.

Besiboli ilijibu kwa kwenda Bungeni. Machi 2018, ndani ya mswada wa bajeti wenye kurasa zaidi ya 2,200, kulikuwa na kipande kidogo kilichopachikwa kule nyuma nyuma. Jina lake lilizungumzia kuokoa mchezo wa Amerika. Maana yake: mlipe mchezaji wa ligi ndogo kama aliyefanya saa 40 kwa wiki, hata akifanya 60, na nje ya msimu usimlipe kitu. Biashara ya mabilioni, imejificha kwenye bajeti ya taifa kwa sababu ya kijana wa dola 290.

Halafu 2020 korona ikafuta msimu wote wa chini, na MLB ikatumia nafasi hiyo kupunguza timu za mashamba kutoka 160 hadi 120. Miji iliyokuwa na timu kwa vizazi ikaambiwa kwaheri. Mojawapo ni Frederick, Maryland, ambao timu yao, Frederick Keys, ilisukumwa kwenye ligi mpya ya vijana wanaotafuta kuonekana. Hapo ndipo Afrika Mashariki inaingia. Dennis Kasumba, yule mdakaji kutoka Uganda mliyemwona TikTok akifanya mazoezi na matairi ya gari, alichezea Frederick Keys hao hao 2023. Wengi tulimshangilia, na bado namshangilia. Lakini ujue ngazi aliyokanyaga ilikuwa imekatwa miaka mitatu kabla hajafika.

Kesi ya Broshuis iliisha 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 185. Mwezi wa nane mwaka huo huo kadi za kujiunga na chama zikatumwa kwa wachezaji zaidi ya 5,000, na siku 17 baadaye MLB ikakubali kwamba wana chama. Machi 2023 mkataba wa kwanza ukapita. Daraja la A ya chini lilitoka dola 11,000 kwa mwaka hadi 26,200. AAA ikatoka 17,500 hadi 35,800. Mazoezi ya kabla ya msimu sasa yana malipo. Tajiri hajafilisika, nimeangalia.

Walitoa kitu pia. Idadi ya wachezaji ambao klabu inaruhusiwa kuweka kwenye mashamba yake ya Marekani ilishuka kutoka 180 hadi 165, kwa hivyo nafasi 15 kwa kila klabu zikapotea, na klabu ni 30, hesabu mwenyewe. Na kuna ligi ya kiangazi kule Jamhuri ya Dominika, ambako klabu hizo hizo huweka vijana wa miaka 17 na 18 waliosainiwa kutoka visiwani, Venezuela na kwingineko, wakianza ngazi ya chini kabisa. Hao hawakuingizwa kwenye mkataba.