Timu Mbili za Marekani na Wimbo Uliouzwa

Ndugu msomaji, huko Marekani wana mpira wao ambao si huu wa miguu tuujuao. Mpira wenyewe una umbo la yai, huchukuliwa mikononi, na wachezaji 11 wa upande huu hukumbana na 11 wa upande ule kama mafahali, vichwani wamevaa kofia ngumu. Katika mchezo huo ziko timu mbili, moja ya Washington, mji mkuu wa nchi, na moja ya Dallas katika jimbo la Texas, ambazo kwa zaidi ya miaka 60 hazitazamani kwa jicho jema. Huenda ukauliza, hayo yatuhusu nini? Subiri kidogo, kwani asili ya uhasama huu ni wimbo, na nyuma ya wimbo huo kuna jambo la rangi za watu.

Timu ya Washington ilikuwa mali ya George Preston Marshall, tajiri aliyekuwa na biashara ya madobi. Aliianzisha Boston mwaka 1932, akaihamishia Washington mwaka 1937. Aliipa jina la Redskins, yaani Wenye Ngozi Nyekundu, neno la kuwadharau wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1938 kiongozi wa bendi, Barnee Breeskin, aliitungia timu wimbo, na maneno yake yakatungwa na mke wa Marshall, Corinne Griffith, aliyekuwa mwigizaji wa sinema. Marshall aliupenda wimbo ule mno, hapana mechi iliyopita bila kupigwa.

Basi mwaka 1958 kijana wa Texas, Clint Murchison, mtoto wa tajiri wa mafuta, alitaka kuinunua timu ya Washington. Walipokaribia kutia sahihi, Marshall akageuza masharti. Murchison akakasirika, akaondoka, akaazimia kuunda timu yake mwenyewe Dallas. Lakini sheria ya ligi ilitaka wenye timu wote wakubali, na Marshall akakataa katakata. Sababu ilikuwa dhahiri: timu yake ndiyo iliyokuwa ikisikilizwa redioni na kutazamwa katika televisheni kote majimbo ya Kusini, na hakutaka mshindani katika shamba lake.

Wakati huo Breeskin naye alikuwa amegombana na Marshall. Akauza haki za wimbo kwa wakili wa Murchison kwa dola 2,500. Tazama hila hiyo! Siku moja Marshall anaambiwa kwamba wimbo aupendao si wake tena, na kwamba hautapigwa bila ruhusa. Alhasili, wakafanya biashara: Murchison akarudisha wimbo, Marshall akatoa kura yake, na mwezi Januari 1960 timu ya Dallas Cowboys ikazaliwa.

Mwanzoni zote mbili zilikuwa dhaifu. Mwaka 1960 Dallas haikushinda hata mechi moja, na Washington ilishinda moja tu, ile dhidi ya Dallas. Zikafuata mechi 23 bila ya ushindi, mpaka Desemba 1961, na waliyemshinda siku hiyo ni nani? Dallas tena.

Udhaifu wa Washington haukuwa wa bahati mbaya. Timu nyingine za ligi zilianza kuwaingiza wachezaji weusi tangu mwaka 1946, na zilikuwa zikifaidika nao. Marshall peke yake ndiye aliyeshikilia timu ya weupe watupu, akafungwa mwaka baada ya mwaka, na bado asibadilike. Kilichomlazimisha hakikuwa dhamiri. Uwanja mpya ulijengwa juu ya ardhi ya serikali, na mwaka 1961 waziri aliyesimamia ardhi hizo katika serikali ya Kennedy, Stewart Udall, alimwonya kwamba mwenye kubagua hatautumia. Marshall akasalimu amri. Akamchukua Bobby Mitchell kutoka Cleveland.

Mechi ya kwanza ya Mitchell, Septemba 1962, ilichezwa Dallas. Aliupokea mpira akakimbia nao yadi 92 mpaka mwisho wa uwanja, na siku hiyo alivuka mstari mara tatu. Mechi ikaisha 35 kwa 35. Mwaka huo alidaka mipira 72, na hakuna aliyempita katika ligi nzima.

Wala usidhani kwamba Dallas walikuwa malaika. Mchezaji wao mweusi mashuhuri, Mel Renfro, alipigiwa makofi uwanjani, lakini alipotafuta nyumba mjini alifungiwa mlango, hata ikambidi kwenda mahakamani mwaka 1969.

Mechi nyingi kali zimepita tangu hapo, nami nitataja moja tu. Novemba 1974 Washington walikuwa mbele 16 kwa 3, na mrusha mpira mkuu wa Dallas, Roger Staubach, akaumia akatolewa. Akaingizwa kijana Clint Longley, ambaye hakuwahi kucheza mechi ya ligi. Zikiwa zimebaki sekunde chache alirusha mpira yadi 50 ukadakwa na Drew Pearson, na Dallas wakashinda 24 kwa 23.

Marshall alikufa mwaka 1969. Sisi tunajua uzito wa wasia: ni neno la mtu wa mwisho, na kwa neno hilo hujulikana alikuwa nani. Yeye aliacha mali kwa ajili ya kuwasaidia watoto wahitaji, lakini akaweka sharti kwamba isitumike senti moja katika jambo lolote la kuchanganya weusi na weupe. Haikupita miaka 20, na Januari 1988 timu ile ile ilitwaa ubingwa ikiongozwa na Doug Williams, mrusha mpira wa kwanza mweusi kushinda fainali kuu ya nchi.

Mwezi Juni 2020 sanamu ya kumbukumbu ya Marshall iling'olewa mbele ya uwanja wa zamani, na mwezi uliofuata jina la Redskins likaachwa; tangu mwaka 2022 timu huitwa Commanders. Katika uwanja wao wa Maryland, sehemu ya viti vya chini iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Marshall ikapewa jina la Bobby Mitchell. Mwenyewe hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwezi wa Aprili mwaka ule ule.