Kitunguu cha Wanajeshi

Ukifungua Incognito kwenye Chrome, ile kofia na miwani inakufanya ujihisi jasusi. Lakini inakuficha kwa nani? Kwa mtu atakayeshika simu yako baadaye, basi. Historia na kuki zinafutika ukifunga dirisha, lakini tovuti bado zinaona anwani yako ya IP, na kampuni inayokuuzia bando inajua umetembelea tovuti gani. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hili, na mwaka 2024 ikakubali kufuta data iliyokusanya kwa watu waliodhani wako peke yao.

Kuki zenyewe zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, ili tovuti imkumbuke mgeni wake. Katikati ya miaka hiyo ya 1990, watu wengine walikuwa wanatafuta njia ya kutokumbukwa. Hawa walikuwa Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag, wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Swali lao: afisa aliye ng'ambo atawasilianaje na kwao bila anayechungulia mtandao kujua anaongea na nani?

Jibu lilikuwa kitunguu. Ujumbe unafungwa kwa maganda ya msimbo wa siri, kisha unapitishwa kwenye kompyuta kadhaa, kila moja ikimenya ganda moja. Ya kwanza inajua umetoka wapi, haijui unaenda wapi. Ya mwisho inajua unakoenda, haijui wewe ni nani.

Sasa shida. Kama wanaotumia ni wanajeshi pekee, kila anayetokea humo anajulikana ni mwanajeshi. Jaribu kupanda matatu ukiwa abiria pekee aliyejifunika uso, uone kama makanga atakusahau. Ilibidi raia waalikwe. Roger Dingledine na Nick Mathewson wakaungana na Syverson, na mwaka 2002 Tor ikaanza kazi, ikiwa wazi kwa yeyote. Brauza yake ilifuata mwaka 2008. Humo wakaingia waandishi wa habari, wanaharakati, polisi, na ndiyo, hata wauza mihadarati.

Desemba 2013, mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya bomu kupitia Tor ili akwepe mtihani. Hakuna aliyevunja kitunguu chake. Wapelelezi waliangalia tu ni nani alikuwa ametumia Tor kwenye mtandao wa chuo saa zile. Walikuwa wachache. Alipohojiwa, akakiri.

Kwa hivyo wale wanaosema "mimi sina cha kuficha" ndio Tor inawahitaji zaidi. Ni polepole, kweli, na ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako umejitaja mwenyewe. Lakini anayeitumia kusoma tu matokeo ya mpira anamwongezea umati mwandishi anayetafutwa na serikali yake.