Kosa Dogo na Jina Lisilofutika: Lugha ya Sheria Nachingwea na Ruangwa

Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 iliyagawa makosa mafungu mawili: makubwa, ambayo kwa kawaida adhabu yake ilikuwa kifo au kifungo cha miaka 3 na zaidi, na madogo, yaani yote yaliyosalia. Miongoni mwa madogo ulikuwamo uhuni na uzururaji. Kosa la kwanza lilistahili kifungo cha miezi 3; kila lililofuata, mwaka 1. Kitendo kilikuwa kilekile. Kilichoongeza adhabu ni kumbukumbu ya hatia ya awali.

Huko Nachingwea mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947, ulikusanya vibarua wengi. Ulipovunjwa mwaka 1951, asiye na kazi hakuwa mbali na jina la mzururaji.

Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali katika mahakama ya mwanzo, iwe Nachingwea au Ruangwa iliyomegwa kutoka wilaya hiyo mwaka 1995, mshtakiwa husomewa shtaka kwa Kiswahili. Mwizi huitwa kwa alichokitenda. Mzururaji aliitwa kwa hali yake. Kifungo huisha, jina hubaki. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria mwaka 2021, kazi ya mfasiri ni kutaja kosa pasipo kumhukumu mtu mara ya pili.