Kutoka Ubaoni hadi Ikulu: Safari ya Mwalimu Nyerere

Wanafunzi wetu wengi wanajua kwamba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wachache wanajua kwamba tarehe hiyo ndiyo TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na kwamba rais wake wa kwanza, Julius Nyerere, alikuwa bado mwalimu wa historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Katika makala haya tunajiuliza: mwalimu akipanda cheo, huenda na darasa lake au huliacha nyuma?

Safari ya Nyerere ilipitia hapa kwetu Uganda. Alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akatunukiwa stashahada ya ualimu. Kisha alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, hadi 1949 alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alipata shahada mwaka 1952. Aliporudi nyumbani alishika chaki tena, safari hii Pugu. Machi 1955, baada ya kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, ilimbidi achague moja kati ya kazi na siasa. Akajiuzulu ualimu. Miaka 6 baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru yeye akiwa Waziri Mkuu, na Desemba 1962 akawa Rais.

Cheo kilibadilika, lakini jina la Mwalimu halikumtoka, na kazi zake zilionyesha kwa nini. Mwaka 1963, katikati ya shughuli za dola, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*. Mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Waliodai kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni tu walijibiwa kwa kazi, si kwa maneno. Mwaka 1967 aliandika *Elimu ya Kujitegemea*, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto wanaokariri wasichokielewa ndiye anayejua uzito wa hatua kama hiyo.

Hata hivyo, tusimsifu Mwalimu nusunusu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliofikia kilele chake mwaka 1977, ulihitaji walimu wengi kwa haraka, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakaingizwa madarasani huku wakijifunza kazi. Idadi ya wanafunzi ilipanda, ubora ukayumba. Tena, mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, Kiingereza kikabaki, naye Nyerere alikuwa bado Ikulu. Lugha aliyoilea ilisimamishwa kwenye lango la sekondari.

Hapo ndipo penye funzo letu. Ujuzi wa darasani haufi mtu anapopewa ofisi, ila ofisi ina hesabu zake: fedha, hofu ya kuachwa nyuma na dunia, na wazazi wanaoona Kiingereza ndiyo ngazi ya watoto wao. Kiongozi aliyetoka ubaoni anahitaji walimu waliobaki ubaoni wamkumbushe.

Sisi Uganda tuna sababu ya kulizingatia hilo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi umeshatoka juu. Walimu wa kuufundisha, pamoja na vitabu vyao, hawashuki kutoka Ikulu. Huandaliwa katika madarasa kama haya yetu. Anayefundisha kwa uvivu leo asishangae kesho uamuzi huo ukibaki kwenye makaratasi. Na miongoni mwa wanafunzi wetu watakaokuwa wakuu wa shule, wakaguzi au mawaziri, tunaomba mmoja tu alifikishe lango lile mahali ambapo Mwalimu hakulifikisha.