Laptopu mpya ya bei ya chini: kununua, ao kutengeneza ile ya zamani?

Kisangani. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho yuko na mashini ya zamani yenye inachukua dakika tano mbele ya kuwaka. Batiri yake imekufa, na SNEL ikikata umeme, kurasa zote zenye hakuhifadhi zinapotea. Ku maduka ya Makiso, katikati ya muji, anaona laptopu mpya ndani ya karto: nyembamba, nyepesi, na bei yake inakaribia ile feza yenye wazazi walituma kisha kuuzisha mpunga kule Isangi. Anunue?

Swali hili liko mu jamaa mingi za Tshopo, juu feza ya namna hiyo haipatikane mara mbili. Mutu akikosea, minerval ya mudogo wake inaweza kuenda pamoja na mashini. Na jibu linashangaza wengi: laptopu mpya ya bei ya chini inaweza kuwa nyuma ya ile ya miaka saba yenye mutu anataka kutupa.

Mu mashini ya bei ya chini muko nini?

Bei inashuka juu kiwanda kilipunguza vitu fulani ndani. Mara mingi ni vitatu.

Cha kwanza ni prosesere, ile yenye kufanya hesabu zote za mashini. Laptopu nyingi za bei ndogo ziko na Celeron. Kwa mfano Celeron N4020 ilitoka mu 2019 na iko na viini viwili tu. Core i5-8250U, yenye Intel ilitosha mu 2017 kwa mashini za kazi, iko na viini vine. Kwa hiyo karto mpya haimaanishe kama mashini iko na nguvu.

Cha pili ni RAM, mahali mashini inaweka kazi yenye iko inafanya kwa saa hiyo. Utakuta GB 4, na mara mingi imechomewa kabisa ku karte kubwa ya ndani. Fundi hawezi kuiongeza, hata ukimulipa.

Cha tatu ni mahali pa kuhifadhi. Nyingi ziko na eMMC ya GB 64, nayo pia imechomewa. Windows 11 peke yake inaomba angalau GB 64. Kisha miezi michache, Windows inataka kujisasisha na haipate nafasi. Mwanafunzi anabaki anafuta picha na masomo kila wiki.

Lakini mashini hizo ziko na uzuri wake. Batiri ni mpya, uzito ni kidogo, garanti inaweza kuwa, na zinakula umeme kidogo: N4020 ilipangwa kwa wati 6, na ile i5 kwa wati 15. Mutu wa Lubunga mwenye kuchaji ku paneli ya jua, na mwenye kazi yake ni kuandika tu na kusoma PDF, anaweza kuridhika nayo.

Kwanza, utafute ugonjwa wa mashini

Mbele ya kutosha feza, inafaa kujua nini inachelewesha ile ya zamani. Windows yenyewe inaonyesha, bila kulipa fundi. Ufungue kazi zako za kila siku, kama vile Word na ukurasa wa intaneti. Kisha ubonyeze kwa pamoja Ctrl, Maj na Échap. Mezani panaonekana asilimia za prosesere, za memwari na za diske.

Diske ikibaki karibu na 100 hata kama haufanye kitu kikubwa, na mashini iko na diske ya zamani yenye kuzunguka, ugonjwa unaweza kuwa hapo. Memwari ikipita 85 ao 90 kila mara, RAM haitoshe. Prosesere peke yake ikibaki juu sana wakati hakuna kazi yenye kufunguliwa, kwanza utafute virusi ao programu zenye zinajiwasha zenyewe. Zote tatu zikiwa chini na mashini inazimika kwa joto, inaweza kuwa vumbi ndani ya kipepeo.

Matengenezo gani yanaleta faida?

Kubadilisha diske ya kuzunguka na kuweka SSD njo tengenezo lenye mutu anasikia mara moja. Diske ya kuzunguka inasoma karibu MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika karibu 500, na haina kitu chenye kuzunguka ndani. Kwa hiyo haiogope kutikiswa ku toleka ao ku moto kama ile ingine. Mashini yenye ilikuwa inawaka kwa dakika tano inaweza kuwaka chini ya dakika moja.

RAM inafuata. Kutoka GB 4 mpaka 8, mutu anaweza kufungua Word, PDF na intaneti pamoja bila kungojea. Mbele ya kununua, fundi afungue mashini na asome aina yenye iko ndani, juu DDR3 na DDR4 haziingiliane.

Batiri ni ya kufikiria zaidi hapa kwetu. Bila batiri yenye kushika, kila umeme ukikatika unazima mashini wakati iko inaandika, na hiyo inaweza kuharibu mafaili na diske. Lakini batiri ya mashini ya zamani sana inaweza kuwa imekaa miaka mu duka. Uiombe mbele yako, uiingize, na uone kama inashika hata nusu saa.

Tarehe ya Windows 10

Microsoft iliacha kutoa ulinzi wa bure wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye walijiandikisha ku programu ya ulinzi wa ziada wanaendelea mpaka 13 Oktoba 2026. Mashini haizimike siku hiyo. Shida ni kwamba milango yenye wezi wanagundua haitafungwa tena, na hiyo ni hatari kwa mwenye kutumia mashini kwa feza ao kwa kupokea kle za USB za watu wengi.

Windows 11 inaomba RAM ya GB 4, chipu ya ulinzi TPM 2.0, na kwa Intel, prosesere ya kizazi cha 8 ao kuendelea. Kizazi kinasomwa mu namba: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Mashini yenye haifike hapo inaweza kupokea Linux Mint, yenye ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandika. LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, lakini kurasa zinaweza kusogea. Mbele ya kupeleka TFC ku sekretaria kwa kuchapisha, uigeuze PDF.

Njia ya katikati: okazioni ya kazi

Kama ile ya zamani haiponeke, mashini mpya ya bei ya chini haiko njia moja tu. Mashini zenye makampuni ya Ulaya na ya Dubai yalitumia zinaingia Kongo kama okazioni. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 zote ni za 2018, zinapatikana na prosesere ya kizazi cha 8, na RAM na diske zao zinabadilishwa. Hiyo ni muhimu Kisangani, mahali kipande kimoja kinaweza kungojewa siku mingi kutoka Kinshasa, Bunia ao Kampala.

Hatari ya okazioni inaonekana kama mutu anaangalia mbele ya kulipa:

– Usiamini kibandiko cha "Core i7". Uandike msinfo32 mu mahali pa kutafuta ya Windows, na usome prosesere na RAM mwenyewe.

– Uandike powercfg /batteryreport mu dirisha la amri. Ripoti inaonyesha nguvu ya batiri wakati ilitoka kiwandani, na nguvu yake leo. Ikiwa chini ya nusu, upunguzishe bei.

– Uzime, uwashe tena na uingie mu BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiomba neno la siri lenye muuzaji hajue, uache.

– Uangalie klavie. Mashini nyingi za Dubai na Kampala ziko na QWERTY, na masomo yetu yanaandikwa kwa Kifaransa na AZERTY.

– Ujaribu chaja, kila tundu la USB, kamera na Wi-Fi.

Hesabu ya mwisho

Ugawanye bei kwa miaka yenye mashini itakutumikia. Kwa mfano tu: mpya ya dola 200 yenye itachoka kisha miaka miwili ni dola 100 kwa mwaka. Okazioni ya dola 240 yenye itafika miaka mine ni 60. Tengenezo la dola 60 lenye kuongeza miaka miwili ni 30. Uweke bei za kweli zenye ulipewa ku maduka matatu, na feza ya megabaiti za kusasisha Windows.

Hesabu ikikataa kutengeneza, usilipe mashini ingine bila kuijaribu na kazi yako mwenyewe. Uende dukani na TFC yako ku kle ya USB, uifungue yote pale, uandike ukurasa moja, uhifadhi, na uombe risiti yenye namba ya mashini. Na mbele ya fundi yeyote kugusa ile ya zamani, kazi yako iwe imenakiliwa mahali pawili. Diske inabadilishwa, lakini mwaka moja wa utafiti haununuliwe tena Makiso.